Alama za Piko

Mwaka ule nilimchora mke mwenzangu kifuani kwa piko la maharusi, nikidhani narudisha kazi ya hospitali mahali pake. Naanza na hilo kabla mtu mwingine hajalisema, maana mtaa wetu hapa Tabata hauna subira, na jirani yangu Mama Pendo ndiye mwenye subira ndogo kuliko wote. Ujinga nimeufanya mwingi maishani. Nimewahi kuanika unga huku wingu limetanda, nimewahi kumpa mkono wa pole mtu ambaye hajafiwa. Lakini huo wa piko ndio pekee uliotaka kuua, na aliyenusurika kuuawa sasa hivi amekaa mkekani hatua mbili kutoka kwangu, anachambua mchele na kuvuta pumzi zake ndefu, kama mtu mwenye mapafu matatu.

Tumo edani, sie wawili, nyumba moja. Mume wetu, fundi makochi wa Keko ambaye mie nilimwita Baba Rehema na Saada alimwita fundi, alianguka karakanani mchana wa siku ya kazi akiwa na misumari mdomoni, na hakuamka. Tukakubaliana eda tuikalie hapa kwangu, kwa kuwa chumba cha Saada kule Kipawa kina dirisha moja na ndege zinapita juu ya bati. Miezi minne na siku kumi bila manukato, bila kutoka. Watu wanatuonea huruma kama tumefungwa. Mie, niseme kwa sauti ya chini, sijaona tofauti. Tangu nimalize kidato cha nne nimekuwa nikitafuta sababu ya kutotoka nyumbani, na hii ndiyo ya kwanza ambayo hakuna anayebishana nayo. Kinachonikera ni wageni. Wakiingia wanaanza na yeye. "Pole Saada, pole mwanangu, na afya yako ile, na hili tena." Wakishamkumbatia na kumfuta machozi ndipo wananigeukia: "Na wewe pole, Mama Rehema." Napewa pole kama mtu anayerudishiwa chenji. Juzi, mgeni mmoja alipomshika Saada bega la kushoto, nikamwona Saada anajivuta kidogo, kama ngozi ya upande ule bado ina kumbukumbu zake. Ndipo mwaka ule ukarudi wote.

Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na niliamini wivu ni kitu kinachoisha mtu akikua. Saada alishatolewa uvimbe kwenye titi la kushoto, alishamaliza dripu za kemo, yote hayo akiwa Kipawa. Mie nilikuwa nampelekea salamu na unga wa lishe kwa mkono wa mumewe na kujiona nimetimiza wajibu. Kisha jioni moja Baba Rehema akaingia na begi la nguo ambalo si lake. Akaliweka sebuleni, akasema bila kunitazama, "Sasa ni mionzi. Wiki tatu, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Kule yuko peke yake. Atakaa hapa." Nikasema, "Karibu yake." Mama Pendo, aliyekuwa kibarazani kwake akikaanga mandazi, aliniambia baadaye kwamba ile karibu yangu ilisikika kama mlango unaobamizwa. Saada akaingia nyuma ya begi, nywele zimeanza kuota kama za mtoto mchanga, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, dada Zaina." Namzidi miaka minne tu. Nikaitikia marahaba, huku nikiwaza kwamba hata upara umempendeza.

Alipewa chumba cha binti yangu Rehema, aliyekuwa shule ya bweni. Ukuta mmoja na changu, na juu ya ukuta kuna matundu ya hewa yanayopitisha kila neno. Zamu zetu, siku mbili kwangu na siku mbili Kipawa, zikafa siku hiyohiyo, maana sasa sote tuko chini ya bati moja. Mume wetu, kwa haki yake ya ajabu, akaamua kulala sebuleni juu ya kochi ambalo mteja hakuja kulichukua. Tukawa wajane tungali na mume anayekoroma. Na kama hilo halikutosha, kila jioni alirudi na kitu kwenye mfuko: samaki changu, mayai ya kienyeji, kuku mwenye miguu mirefu kama mwanajeshi. "Huyu wa Saada, anahitaji nguvu." Nani ampike? Mie. Nilisimama jikoni nikimpikia mke mwenzangu supu ambayo sikuwahi kupikiwa hata nilipojifungua, na nikaionja chumvi mara nyingi sana. Siku moja niliionja mpaka sahani ya mgonjwa ikafika na kipapatio na shingo. Saada akala, akalamba vidole, akasema, "Dada, mkono wako una baraka." Nilitamani angelalamika.

Ilikuwa wakati wa chakula vilevile ndipo nilipoelezwa habari ya pumzi. Baba Rehema alikwenda kuleta kipande cha sponji na kipande cha kitambaa cha kochi, akachukua na limao lililokuwa pembeni ya sahani ya samaki. "Tazameni. Kitambaa ndiyo ngozi na mbavu. Limao ndiyo moyo. Sponji ndiyo pafu." Akalibana limao nyuma ya kitambaa. "Moyo umeegemea mbele, upande huohuo wa kushoto wanapopiga mionzi. Mtu akivuta pumzi ikajaa, sponji inavimba, limao linasogea nyuma na chini, mbali na ubavu. Wanapiga hapo tu. Akiachia, wanazima." Saada akaongeza taratibu kwamba pafu nalo, likijaa, sehemu inayoguswa inakuwa ndogo. Kwa hiyo alitakiwa abane pumzi kama sekunde ishirini, apumzike, abane tena, mara kadhaa, bila kutikisika. Mie nina C ya Baiolojia, na mwenye C hakosi la kusema. Nikasema, "Moyo hauko kushoto sana hivyo, uko katikati." Baba Rehema akanitazama, limao likamponyoka, likabingirika chini ya kochi. Hakuna aliyeliinamia. Lilikaa huko mpaka likakauka, na kila nilipofagia niliona aibu kulitoa.

Basi ikawa kila jioni baada ya Isha, kupitia yale matundu ya ukutani, nasikia sauti ya mume wangu chumba cha pili. "Vuta. Jaza. Bana. Moja, mbili, tatu, nne..." Sauti ya upole, sauti ambayo mie niliisikia mwaka wa kwanza wa ndoa na nikadhani imechakaa. Kumbe ilikuwepo, imetunzwa. Alikuwa na saa yake ya mkononi yenye kioo kilichopasuka, na nilijua bila kuona kwamba ameketi ukingoni mwa kitanda, ameinama. "Kumi na nane, kumi na tisa, achia. Safi sana, mama." Mama. Nikajilaza kwangu, nikavuta pumzi na mie, nikabana. Sikuwa na ugonjwa wala wa kunihesabia. Nilifika kumi na nne nikakohoa mpaka machozi yakatoka. Kesho yake nikajaribu tena kibarazani, nikidhani hakuna anayeona, na Mama Pendo akachungulia juu ya ukuta. "Mama Rehema, mbona umevimba kama kitumbua?" Nikamwambia nafanya mazoezi. "Mazoezi ya nini, na wewe hata dukani unatuma mtu?"

Hospitali wakampiga picha ya kupangia tiba, akiwa amebana pumzi hivyohivyo, na wakamchora. Alirudi na mistari ya zambarau kifuani na alama tatu kama za kujumlisha: katikati, pembeni chini ya kwapa, na moja chini ya titi. Akaambiwa asisugue, asipake kitu, aoge kwa kumwagia maji pembeni, mpaka Jumatatu watakapoanza. Kuanzia hapo Baba Rehema akawa na kazi mpya. Kila jioni alivaa miwani, akawasha tochi ya simu, akakagua zile alama kama anavyokagua mshono wa kochi la mteja mkubwa. Mlango ulikuwa wazi, hakuna lililofichwa, na hilo ndilo lililoniuma. Katika ndoa yangu yote hajawahi kunivalia miwani.

Sasa kuhusu ile Jumapili. Mie nilikuwa na jambo moja tu ninalosifiwa nalo mtaani: kuwasinga kwa manukato na kuwachora maharusi. Tena wananifuata hapahapa sebuleni, siendi kwa mtu. Jumapili ile Baba Rehema alikwenda mazikoni Mbagala. Saada alikuwa amejilaza, akasema kwa sauti ya chini, si kwa kunilalamikia, "Dada, nanuka hospitali. Hata mie mwenyewe najisikia." Nikaona njia imefunguka. Supu ni ya kuku, kuhesabu ni kwa Baba Rehema, lakini singo ni yangu. Akirudi amkute ananukia waridi na karafuu, aulize nani kafanya. Nikasema, "Nikusinge kidogo, ulale vizuri." Akasema, "Kifuani wamekataza." Nikasema, "Nani kataja kifua?" Nikamlaza kwenye mkeka, nikaanza na mgongo, mikono, miguu. Hajaguswa na mtu kwa wema muda mrefu, ilionekana, maana alilala nikiwa bado kwenye kiwiko. Nikamgeuza taratibu. Khanga ikashuka. Na pale ndipo nilipoziona alama kwa karibu mara ya kwanza, zile zilizokuwa zikivaliwa miwani.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilisahau. Kiganja kilikuwa kimejaa singo, kikapita begani, kikateremka. Kikapita mara moja, na kingeweza kuishia hapo. Kikapita tena. Nilipoamka kutoka popote nilipokuwa, mistari ilikuwa imekuwa uji wa zambarau kwenye vidole vyangu, na alama ya chini ya titi haikuwepo kabisa. Saada amelala, kinywa wazi kidogo. Nikamfuta kwa kitambaa chenye maji, nikakimbilia kabati langu la maharusi. Kwa akili zangu wakati ule, alama ni alama. Fundi akifuta chaki kwenye kitambaa anachora upya. Na nani anachora vizuri Tabata nzima kuliko mie? Nikakoroga piko. Nikakumbuka mstari ulipita wapi, nikakumbuka C yangu ya Baiolojia, nikachora. Mkono uliozoea maua ulitaka kuongeza jani kwenye kona, nikauzuia. Alama tatu nyeusi, zimenyooka, nzuri kuliko za mwanzo. Alipoamka nikamwambia zimekolea kwa ajili ya jasho. Akaamini, maana nilikuwa dada. Baba Rehema aliporudi akavaa miwani, akasema, "Leo zinaonekana vizuri zaidi." Nikaenda kulala na ushindi wangu, na usingizi haukuja. Kila nikifumba macho naliona limao.

Asubuhi nikasema, "Leo nampeleka mie." Baba Rehema aliacha kunywa chai. Mama Pendo alituona tukipanda bajaji, akauliza kama nyumba inaungua. Kule hospitali tuliketi kwenye benchi refu, wanawake na bahasha zao kubwa mapajani, na mlango mzito mbele yetu. Mgonjwa aliyetangulia aliingia, ukafungwa, na kupitia chumba kidogo cha pembeni nikasikia sauti ya dada mmoja ikisema kwenye kipaza sauti, "Vuta pumzi. Ongeza kidogo. Hapo. Bana." Kisha mlio mwembamba, kama friji la mbali. Nahisi sote tulibana. "Achia." Nikasikia mtu anakohoa, ni mie. Nikamwangalia Saada. Alikuwa anajiandaa, mkono juu ya tumbo, midomo inahesabu. Amefanya mazoezi wiki mbili ili limao lisogee, na mie nimehamisha mahali pa kupiga. Wakaita jina lake. Akasimama. Nikasimama na mie, nikamshika yule dada wa mionzi mkono wa koti. "Alama hizo si zenu," nikasema. "Ni zangu."

Hakunipigia kelele. Alituingiza wote, akafunua, akaleta picha kwenye kompyuta na rula. Alikuwa msichana mdogo, mtandio umebanwa vizuri. Akapima mara mbili. "Nani amechora?" Nikasema mie. "Umechora vizuri sana, mama," akasema, na sijawahi kusikia sifa ikichoma namna ile. "Lakini hii umeisogeza vidole viwili. Kabla ya kupiga huwa tunahakiki kwa picha, kwa hiyo tungeiona. Ila sitaki kukuambia tungeiona ukaenda nyumbani na amani." Akagusa pembeni ya piko, ngozi ilikuwa imeanza kuwa nyekundu. Ilibidi isubiriwe itulie, kisha picha irudiwe na mpango upangwe upya. Siku kumi na mbili zilipotea. Siku kumi na mbili za mtu aliyeambiwa asichelewe.

Njiani Saada aliishika bahasha yake mapajani mpaka bajaji ilipoingia mtaani kwetu. Ndipo akauliza, macho mbele, "Ulikuwa unajua unachofanya?" Nikamwambia, "Sijui." Akatikisa kichwa polepole. "Hilo ndilo jibu la kweli la kwanza umenipa tangu niolewe." Nilingojea jioni kama mshtakiwa. Baba Rehema alirudi, akauliza imekuwaje. Nilikuwa jikoni na upawa mkononi, nimefungua mdomo. Saada akawahi. "Nilijisahau, fundi. Niliingia bafuni nikasugua. Dada Zaina akajaribu kunisaidia." Baba Rehema akamkemea kidogo, kwa upole, mama hivi mama vile. Mie nikasimama na upawa unachuruzika mguuni. Ningekuwa mtu mzuri ningeshukuru. Nilichowaza ni kwamba sasa hata wema kanizidi, na hilo siwezi kulisugua.

Usiku wa pili nikasikia kupitia matundu, "Kumi na tisa, ishirini, achia," kisha sauti ya Saada: "Fundi, wewe unahesabu haraka. Ukiniona nimeiva uso unaruka namba. Nenda kaniitie dada." Nikaingia nimevimba kwa mashaka. Akanipa ile saa. "Nihesabie wewe," akasema. "Wewe huna huruma na mie." Hakuwa akinikejeli, au alikuwa, lakini alikuwa na haki. Nikaketi ukingoni mwa kitanda. Nikahesabu kwa haki ya mtu mwenye wivu: kila sekunde nilihakikisha imeisha kabisa kabla sijampa nyingine. Usiku wa kwanza alifika kumi na tatu, kumbe zile ishirini zote zilikuwa huruma ya mume wetu. Alinitazama kama anataka kunipiga. Wiki ilipoisha alifika ishirini. Siku ya kumi na mbili alifika thelathini na mbili, kifua kimejaa, ametulia kama jiwe, na mie nilikuwa nimesahau kupumua.

Nilimpeleka siku zote kumi na tano. Mie, ambaye siendi Buguruni bila kuugua siku mbili kabla. Nilikaa kwenye lile benchi na saa iliyopasuka, nikihesabu kutoka "bana" mpaka "achia", na siku moja Saada alitoka akacheka, "Hawa nao wana haraka kama fundi." Alipomaliza akarudi Kipawa, zamu zikarudi, kochi likapata mwenyewe. Nilikuwa nimeusubiri mwezi huo kama idi. Siku yangu ya kwanza na mume wangu kitandani kwangu nikamuuliza, "Saada kala nini leo?" Akasema, "Kaulize mwenyewe." Wivu haukuisha, ulihama tu, nikaanza kukionea wivu chumba cha Kipawa.

Fundi amekufa hajui habari ya piko. Saada hakuwahi kuitaja, hata tulipogombana, na tumegombana sana. Wiki iliyopita kaka yake alipiga simu kutoka Lindi: eda ikiisha anakuja kumchukua, kuna shamba la mikorosho na nyumba ya mama yao haina mtu. Saada akasema sawa. Mie nikasema vizuri, Lindi kuna hewa, na Rehema akija na mjukuu wangu watapata chumba chao. Nimesema hivyo kwa watu wanne. Leo mchana Mama Pendo ametuletea ubwabwa na maharage, kama anavyofanya kila Jumatano tangu msiba. Saada alikuwa ametoka kwenda kunawa. Nikaanza kumweleza Mama Pendo jinsi nyumba itakavyokuwa na nafasi, jinsi sitasikia tena mtu anavuta pumzi kama mvukuto wa sonara, jinsi wageni sasa watanipa pole mie kwanza, na katikati ya maneno sauti ikanikatika, nikawa napangusa pua kwa pindo la khanga juu ya sinia. Saada alikuwa amesimama mlangoni, mikono inachuruzika maji. Mama Pendo aliweka kijiko chini, akatutazama wote wawili, akasema:

"Mama Rehema, mumeo kafa umelia siku tatu. Mke mwenzio anakwenda Lindi tu, na basi la kurudi lipo, wiki nzima hujanyamaza. Mwambie abaki, yuko hapo nyuma yako, au tuache tule."